Mfumu Asiye na Kuku

Shida zilinianza mwaka 1971, nina miaka kumi na miwili. Baba alifariki, darasa la tatu likaishia hapo, nikaanza kusukuma mkokoteni. Nayasema haya ili mjue nilivyoijua kazi ya jasho kabla sijaona kazi ya kipuuzi.

Biashara zilipofunguliwa, miaka ya tisini, nilipanga chumba Igogo, karibu na mwalo wa wavuvi, nikaweka televisheni, deki na mabenchi, watu walipe waangalie video. Mwenye nyumba, mama mtu mzima, alikuwa anakitaka kile chumba aweke dagaa wake. Akaniambia, "Jumapili nakuja mwenyewe. Watu wakikaa mpaka mwisho wa picha, kaa na wewe. Wakitoka, toka."

Mfanyabiashara mmoja wa kanda za video akanishauri nionyeshe katuni ya Kijapani, ya mpelelezi anayekamata mizimu. "Dar wanaipigania, mzee!" Nikamwamini.

Jumapili mchana chumba kikajaa. Mama akaja, nikamwamkia shikamoo, nikampa benchi la mbele. Kijapani hakuna aliyekijua, kwa hiyo nilisimama pembeni nikitafsiri kwa kukisia. Akatokea kijana wa nywele za buluu, macho kama sahani. Mpelelezi wa mizimu utamwitaje kwa Wasukuma, kama si mfumu, yule mganga wetu wa ramli? Nikasema, "Huyu ni mfumu. Anatafuta aliyemuua binti."

Mama akadakia, "Mfumu? Kuku wake yuko wapi?"

"Mama, kwao hawatumii kuku."

"Sasa ndani ya utumbo wa nini anasoma? Mfumu asiye na kuku ni tapeli!"

Chumba kizima kikacheka. Na kwa kweli katuni yenyewe haikunisaidia. Mzimu wa binti ulitokea mapema, ukamnyooshea kidole muuaji. Mvuvi mmoja akapiga kelele, "Kesi imekwisha! Weka karate!" Lakini kijana yule bado akazunguka mjini akijishika kidevu, anafikiri. Anafikiri nini, wakati marehemu kashasema? Kisha kila akitaka kuupiga ule mzimu aukamate, kwanza anatangaza jina la pigo lake, nao unamsubiri amalize. Jaribu hivyo mwaloni Igogo uone kama meno yako utarudi nayo. Analia, machozi yanaruka kama bomba limepasuka. Ukoo wa marehemu haukuulizwa, tambiko halikufanywa, mzimu ukaondoka kwa kupungiwa mkono. Upuuzi. Hata mtoto wa Kisukuma anajua mzimu hauagwi hivyo.

Watu wakatoka kabla ya mwisho, mabenchi yakabaki matupu, akabaki mama peke yake.

"Umeona?" akaniuliza.

"Nimeona, mama."

"Basi hiyo deki yako itoe. Halafu kesho njoo unipakilie magunia, mgongo unao."

Nikapakia. Baadaye nikanunua dagaa wangu, nikawapeleka Shinyanga mwenyewe.

Leo nina nyumba ya vyumba sita Mkolani, mashine ya kusaga Buhongwa, mitumbwi miwili yenye injini, na ghala la dagaa. Televisheni ninayo pia. Naangalia taarifa ya habari, nazima.