Tarumbeta Nyuma ya Mablanketi

Ukitaka kumjua yule mama wa chumba cha kufulia cha hospitali, usihangaike na jina lake. Waulize majirani. Watakwambia, "Aa, Honi!" kisha wataangua kicheko. Jina hilo alibandikwa na wifi yake, dada wa mumewe, ambaye wanapakana naye chumba kwa chumba, na usidhani lilikuwa jina la mapenzi.

Kisa chenyewe ni tarumbeta. Marehemu baba yake alikuwa mpigaji katika bendi ya shirika la reli, akamfundisha kabla hajamaliza kung'oka meno ya utoto, na alipofariki akamwachia. Alipoolewa, Honi akawa anaitoa akirudi kutoka kazini, saa kumi alasiri, jua linachoma, watoto wake wawili wako nje na mpira. Hajafika noti ya tano, ukuta unagongwa.

"We Honi! Watu wamelala!"

Wamelala akina nani, jamani? Saa kumi mchana kweupe! Na huyo aliyelala ndiye yule yule ambaye redio yake inaamka kabla ya jogoo na hainyamazi mpaka taarifa ya habari ya mwisho. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Lakini ungemwambia nini Honi, wakati mumewe mwenyewe, fundi bomba, mtu wa amani iliyopita kiasi, alikuwa na jibu moja tu kwa kila jambo?

"Mke wangu, vumilia. Dada yangu yule. Kwani huwezi kupigia huko huko kazini?"

Basi akapigia kazini. Nyuma ya mashine za kufulia kuna chumba cha kukaushia, na humo mablanketi ya wodini huning'inizwa kwenye kamba, safu sita, mazito, yamenyonya maji. Honi alikuwa anasimama mbele ya safu ya kwanza, anausogeza mdomo wa tarumbeta mpaka unakaribia kuligusa blanketi, halafu anapuliza kwa pumzi zake zote. Sauti yote inamezwa. Msimamizi, ambaye ofisi yake iko hatua chache kutoka hapo, hakuwahi kusikia kitu. Nusu saa kila siku baada ya zamu, wenzake wakibadili nguo, na mambo yakaenda hivyo miaka tisa.

Ndipo likatoka tangazo. Chuo cha muziki kinachukua wanafunzi wanane kwa mwaka mzima wa masomo, gharama zote juu ya wafadhili, umri usizidi miaka thelathini na mitano. Honi alikuwa na thelathini na minne na miezi saba. Kwa maneno mengine, ni sasa au basi tena.

Akafunga kibwebwe. Akachagua wimbo mmoja wa taratibu, akaunakili kwa mkono wake, akaubandika kwa vibanio vya nguo kwenye blanketi lililo mbele yake. Akapiga mpaka midomo ikavimba. Nyumbani, wifi alipopata habari, hakusubiri hata kukaribishwa kiti.

"Mtu mzima, mama wa watoto, anakwenda kupuliza honi na vitoto vya shule! Aibu hii tutaificha wapi?"

Honi akamtazama mumewe. Mumewe akaitazama sahani yake. Honi akaimeza hasira yake, kama alivyozoea.

Siku ya usaili akaingia kwenye ukumbi wenye sakafu ya mbao, mtupu, hauna hata mkeka. Mbele kuna meza na watahini watatu: walimu wawili wa kiume, na katikati mkuu wa chuo, mama mwenye miwani iliyofungwa uzi. Honi akavuta pumzi, akapuliza kama anavyopuliza siku zote.

Loo! Bilauri ilitetemeka mezani. Mwalimu mmoja aliziba masikio, mwingine kalamu ikamdondoka. Huko kwenye korido, vijana waliokuwa wakisubiri zamu zao walicheka mpaka wakashikana mabega.

"Mama! Simama kwanza," mkuu wa chuo alisema. "Sisi si viziwi. Anza tena, kwa upole."

Upole! Ungeupatia wapi upole mbele ya mablanketi? Angepiga kwa upole asingejisikia hata yeye mwenyewe. Alijaribu, sauti ikakatika. Akajaribu tena, ikatoka kwikwi. Mkuu wa chuo akavua miwani.

"Asante, mama. Umejaribu."

Neno hilo ndilo lililomtibua. Umejaribu! Miaka tisa ya kusimama kwenye maji ya kufulia, halafu aambiwe amejaribu? Pembeni ya piano aliona pazia kubwa, zito, la jukwaa. "Sijamaliza," akasema, na hakuomba ruhusa. Akaliendea, akawapa watahini mgongo, akausogeza mdomo wa tarumbeta kwenye kitambaa, akapiga wimbo wote kwa pumzi zake zote. Uliwafikia umelainika, mzima, bila ufa. Kule koridoni kicheko kilikoma.

"Kwa nini umetupa mgongo?" mkuu wa chuo aliuliza.

Honi akamweleza habari za mablanketi kwa ghadhabu.

"Nani alikuwa anakuzuia?"

Alifungua mdomo amtaje wifi. Akamkumbuka na mumewe. Kisha akajiona mwenyewe, kila siku, akienda kwenye zile kamba kwa miguu yake, hakuna aliyemshika mkono. Hapo hasira ikamgeukia mwenye nayo.

Mkuu wa chuo aliandika kitu kwenye fomu. "Nafasi nimekupa, lakini ina sharti. Masomo yanaanza baada ya wiki sita. Kapige mahali pa wazi, ujisikie, ujifunze kuipunguza sauti wewe mwenyewe badala ya kupunguziwa na mablanketi. Siku ya kwanza nitakusikiliza. Ukinipa mgongo tena, nafasi anapewa mwingine."

Honi alifika nyumbani saa kumi kasoro. Hakuvua hata viatu. Alifungua dirisha la kwanza, akafungua la pili, akasimama katikati ya chumba na tarumbeta yake. Mumewe, aliyekuwa kwenye kochi, akanyanyuka haraka.

"Mke wangu, unajua dada..."

"Kamwambie dada yako avumilie."

Mume akakaa. Honi akaanza kwa sauti ndogo, ikakatika. Akaanza upya, ikakatika mbele kidogo. Mara ya tatu ilikuwa inaanza kushika, na ukuta ukagongwa kwa ngumi.

"We Honi! Watu wamelala!"

Honi akaitoa tarumbeta mdomoni, akaugeukia ukuta.

"Waamke!"