Jumapili Fanfari Inakuja Kuchukua Tromboni ya Mume Wangu

Admini, nakuomba ufiche jina langu na picha yangu usiiweke. Wenzangu wa soko la Kamembe wanausoma sana ukurasa huu.

Mimi ni mama wa miaka ishirini na saba, niko Rusizi, nina batoto wawili. Nilikulia Bukavu, upande wa Kongo, wazazi wakarudi Rwanda nikiwa msichana, ndiyo maana Kiswahili changu kimechanganyika, mnisamehe. Shule niliachia sekondari ya tatu. Asubuhi nauza sambaza, vile visamaki vidogo vya ziwani vinavyotoka Nkombo. Jumapili napiga matoazi katika fanfari, bendi ya matarumbeta ya mtaa wetu. Mume wangu anapiga tromboni. Nimeandika "anapiga", nimeliona, na ninaliacha hivyo.

Fanfari hii ilianzishwa na wazee waliorudi kutoka Kongo wakati wa vita vya kwanza vya huko. Walitoka na vyombo vyao mgongoni, njiani askari wakawanyang'anya karibu vyote, vingine vikaishia mtoni. Kwa hiyo wakaweka sheria mbili ambazo hakuna anayezigusa mpaka leo. Ya kwanza, chombo hakivuki mpaka. Ukialikwa kupiga ng'ambo unabeba ambushuri tu, kile kipande cha kuweka mdomoni, chombo utaazimwa hukohuko. Ya pili, mwenzetu akipotea nafasi yake kwenye mstari haijazwi. Tunatembea na pengo lake mpaka siku fanfari itakapokwenda kwake, isimame uani, ipige wimbo aliokuwa anaupenda bila sauti yake, na mke wake akitoe chombo nje kwa mikono yake mwenyewe. Hapo ndipo kinapewa mwingine.

Mume wangu alivuka kwenda Bukavu kupiga kwenye mazishi ya mzee aliyemfundisha akiwa mtoto. Alitia ambushuri mfukoni mwa shati, akaniambia, "Maman Keza, unibakishie sambaza, kesho niko hapa." Siku ileile vita vikaingia mjini. Simu yake iliita, haikupokelewa, baadaye ikazimika kabisa. Mpaka ulipofunguliwa nilivuka na mtoto wangu mdogo mgongoni. Parokiani waliniambia alipiga vizuri, wakatoka makaburini, risasi zikaanza, kila mtu akakimbia upande wake. Hospitali nimezunguka, hayupo. Kwenye makaburi mapya jina lake sikuliona, lakini mengi hayana jina. Nikarudi nyumbani. Nikapika.

Sasa ni zaidi ya mwaka, na sijalia. Watu wanasema nina moyo wa nguvu. Mimi najiona kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Unaugusa, unajua ni wako, lakini hausikii kitu.

Hivi karibuni tulipiga arusi huko Bugarama. Mgeni mmoja akaja kucheza, akaingia katika lile pengo. Papa Deo wa ngoma kubwa akamwita, "Wee shemeji, toka hapo, hiyo nafasi iko na mwenyewe!" Watu wakacheka, hata mimi nikatoa meno. Lakini kuna mahali katika wimbo ambapo tromboni hushuka, kisha matoazi yanafuata. Mimi bado naisubiri ishuke. Kila mara nachelewa.

Mzee Anastase amesikia huko kuchelewa kwangu. Yeye ndiye kiongozi wetu, amekuwa kwenye fanfari tangu ilipoanzishwa. Meno yamekwisha, hawezi kupuliza tena, lakini anaongoza kwa fimbo. Juma hili alikuja nyumbani pamoja na Papa Deo. Mama mkwe wangu, ambaye naishi naye, alikuwa anachambua maharagwe.

"Maman Keza," Mzee akasema, "unajua vile tunakupendaka. Jumapili tunataka kuja kumupigia. Tromboni tutampa Claude, mume wako mwenyewe ndiye alimufundisha."

Mama mkwe hakuinua kichwa. "Weye ukitoa kile chombo, ujue umemuzika mwanangu. Na akirudi, utamuambia nini?"

"Mama, akirudi tunamunyang'anya Claude papo hapo, na kofi juu!" akasema Papa Deo. Hakuna aliyecheka.

Mzee akasema kwamba mdogo wake alipotea katika vile vita vya kwanza. Yeye Mzee akakataa mdogo wake apigiwe. Kornet ya huyo mdogo wake, tarumbeta fupi, ikakaa ndani ya sanduku miaka na miaka, na siku alipokubali kuitoa, vidole vyake vya kubonyeza vilikuwa vimeganda, kijani kitupu. "Nilingojea mpaka hata chombo kikakufa," akasema.

Nikamjibu kwa heshima, lakini bila kupinda. "Mzee, hii haijaganda. Naipaka mafuta kila Jumamosi, kama alivyonionyesha." Nikaitoa chini ya kitanda. Akavuta ule mkono wa tromboni, ukateleza kama maji. Akauvuta tena, halafu akanirudishia.

"Chombo kiko muzima, binti yangu," akasema. "Weye ndiye uko unakauka."

Walipoondoka, Keza wangu wa miaka mitano akaketi karibu nayo, akaanza kutetemesha midomo, brrr, brrr, vile baba yake alivyomfundisha. Nilimwambia aende kunawa mikono.

Ndugu zangu, msiniambie nivumilie, hilo nalifanya. Msiniambie kama yuko hai au amekufa. Hamjui, na mimi sijui. Nataka mnijibu jambo moja tu. Jumapili wakisimama uani na kuanza kupiga, niitoe nje au nibaki ndani? Nikibaki ndani, namwacha Mama na tumaini lake, na tutaendelea kutembea na pengo. Nikiitoa, batoto wangu watajua baba hasubiriwi tena.

Kulia mbele za watu hakunitishi. Kinachonitisha ni kwamba nitaingia chumbani, nitaichukua, nitaiweka mikononi mwa Claude, kisha nitarudi jikoni kugeuza sambaza, na sitasikia kitu.

Nishaurini jamani, kabla ya Jumapili. Ningekuwa dada yenu, mngeniambia nifanye nini?