Dereva wa Karandinga Asiyeondoka Bila Mikanda

Saa mbili asubuhi, karandinga linaunguruma kwenye uwanja wa kituo cha polisi, lakini dereva wake yuko nyuma, anavuta mkanda wa kila mahabusu kuhakikisha umekaza. Wa mahabusu wa nne haufungiki. Kishikizo kimevunjika.

"Huyu hasafiri," anasema.

"Mama Mkanda, mahakama haitusubiri!" sajini anafoka. "Mbane katikati ya wenzake, twende."

"Ana pingu, afande. Nikikanyaga breki atajishika na nini?"

Mahabusu mwenyewe anakereka. "Mama, dhamana yangu iko huko! Nimekubali kuumia."

"Mimi ndiye ninayeendesha, mwanangu, na nimekataa. Nitakurudia."

Sajini anaenda kupanda gari la walinzi linalofuata nyuma. Kiti cha pembeni ya dereva kinabaki kitupu, kama siku nyingi.

Gari hili lilipoletwa, mama huyu alitaka kujua wanaokaa nyuma wanasafirije. Akamwomba mwenzake amfunge pingu mgongoni, amkalishe nyuma bila mkanda, amzungushe uwanjani. Kona ya kwanza tu, bega likagonga chuma. Akapiga kelele. Mwenzake, upande wa pili wa ukuta wa bati, akaendelea kuzunguka huku akipiga mluzi.

"Niliita mpaka koo likakauka," anasema. "Waliponitoa, kituo kizima kinacheka. Nikacheka nao. Kisha nikaenda chooni, nikalia."

Tangu hapo hapindishi kanuni, na wenzake wamemsusa. Chai anakunywa ndani ya gari. Nyumbani, mume alishafariki, binti kaolewa mbali. Anawasha redio ili pawe na mtu anayeongea.

Mkuu wa kituo amemwonya: akichelewesha mahabusu, atahamishiwa stoo.

"Anihamishe. Ila atakayeshika usukani huu, nani atamwambia huko nyuma kukoje?"

Leo amenusurika. Alipomfikisha yule wa nne kwa safari ya pili, kwenye kiti chenye mkanda mzima, kesi yake ilikuwa haijaitwa. Kijana alishuka bila kumtazama.

Sasa fundi umeme amefunga kengele: mahabusu akizidiwa anabonyeza nyuma, inalia mbele kwa dereva. Mkuu ameikubali, mradi ijaribiwe gari likiwa barabarani. Hapo wanatakiwa watu wawili. Fundi ameshaenda zake, na kila askari aliyeombwa ana udhuru.

"Mimi sichagui," anasema, akifuta kioo. "Anayetaka kukaa nyuma abonyeze, karibu. Anayetaka kuendesha, nitakaa nyuma mimi, ilimradi safari hii anisikie. Namtaka mtu mmoja tu."