Ufuta wa Mbinguni

Ufuta mkavu ukimiminwa kwenye ungo hutoa sauti ambayo sijaisikia kwa mbegu nyingine yoyote. Ni kama mnong'ono mrefu, halafu kimya. Juzi jirani yangu hapa Lindi alikuwa anapepeta wake barazani, nami nipo ndani na cherehani yangu, na mguu ukasimama wenyewe. Nilikaa vile nikitabasamu peke yangu mpaka mteja aliyefuata gauni lake akaniuliza kama mimi ni mzima. Nilimwambia ni mzima. Sikumwambia kwamba nilikuwa nimerudi uani kwetu Kiranjeranje, nina miaka kumi na mmoja, nimeinamia darubini na ninaziona nyota kwa mara ya kwanza maishani mwangu.

Mtasema mtoto wa miaka kumi na mmoja, tena wa kijiji ambacho wakati ule hakikuwa na taa hata moja ya umeme, atakuwaje hajawahi kuona nyota. Ngojeni nieleze.

Mwaka ule nilikuwa na sifa mbili pale kijijini, na zote mbaya. Ya kwanza, nilikuwa mzito darasani. Nilikuwa nimerudia darasa la nne, na dalili zote zilionyesha kuwa nitalirudia tena. Kwa kuwa nilikuwa mrefu nilikalishwa nyuma, na kutoka kule nyuma ubao ulikuwa kitu cheusi chenye vumbi jeupe. Basi nilinakili kwenye daftari la Zainabu, niliyekaa naye dawati moja. Nilinakili kwa uaminifu mkubwa, pamoja na makosa yake yote, na siku moja nikanakili hadi picha ya jogoo aliyoichora pembeni. Mwalimu alituita mbele na kutaka kujua jogoo yule ni jibu la swali la ngapi.

Sifa ya pili ndiyo iliyomuumiza baba. Nilikuwa mtoto nisiyeamkia watu. Nilipishana na wazee njiani mchana kweupe, wala shikamoo sitoi, napita tu kama wao ni miti. Baba alikuwa mtu wa swala tano na maneno machache, na wenzake walikuwa wakimwambia wakitoka msikitini kwamba yule binti yako Somoe sisi hatujui tumemkosea nini. Alikuwa akirudi nyumbani kanuna, nami nachapwa. Nilipochoka kuchapwa nikabuni dawa yangu mwenyewe: nikaanza kutoa shikamoo kwa kila kilichosimama. Ilisaidia kidogo. Lakini siku moja nilimwamkia mzee mmoja kwa heshima zote, goti nimepiga, nikangoja marahaba hadi nikachoka, kumbe ni mganda wa ufuta uliotundikwa shati la mtu. Kaka yangu Hamisi alikuwa nyuma yangu. Alinicheka mwezi mzima, na nyumbani akawa ananiuliza mzee mganda hajambo.

Msije mkadhani nilikuwa naficha jambo. Mimi nilijua kuona ndiko kule. Mwezi wa Ramadhani ukikaribia, watoto wote tulisimama uwanja wa msikiti kutazama magharibi, na wenzangu wakisema ule pale, nami nilinyoosha kidole na kusema ule pale. Sikuwahi kuuona hata mara moja. Nilidhani mwezi mwandamo ni jambo la adabu, kwamba wenzako wakisema upo, unakubali.

Sasa baba alikuwa ameshaamua. Ufuta ukishakung'utwa wote, nitapelekwa Kipatimu kwa mama mkubwa, dada yake mama, mwanamke aliyesifika kwa kunyoosha watoto walioshindikana. Shule ndiyo basi tena. Kwa kusoma sishiki na adabu sina, alisema, bora nikajifunze kulima kule milimani, huenda nikarudi mtu. Mama alilia kidogo jikoni, lakini hakupinga. Kila asubuhi nilikuwa nikitoka nje na kugusa miganda iliyosimama uani mmoja baada ya mwingine, nikiomba isipungue.

Ilikuwa imebaki michache alipokuja Shangazi Mwanahawa, mdogo wake baba. Alikuwa mwalimu wa fizikia sekondari ya Masoko, na likizo ya mwezi wa sita alikuwa hakosi kuja kwetu. Safari hii alishuka kwenye gari na gunia, na ndani ya gunia mna kanga mbili, na ndani ya kanga mna bomba jeupe lenye urefu wa mkono wa mtu mzima, na miguu mitatu ya chuma. Ilikuwa darubini ya shule. Wageni fulani waliwahi kuiacha kama zawadi, ikawa inakaa kabatini kwa kuogopwa. Shangazi alikuwa amesaini daftari kuichukua, na akatuambia waziwazi kwamba akiirudisha mbovu atakuwa na la kujibu. Kwa hiyo tutazame kwa macho, mikono tuiweke nyuma.

Tulipomaliza swala ya isha alituita uani. Alisimamisha ile darubini kati ya miganda na jiko, akatuonyesha kwa kidole upande wa kusini, juu ya paa la jiko. Alisema pale kuna nyota moja isiyofanana na wenzake. Nyingine zote ni nukta kali, kama ncha ya sindano, lakini ile ina ukungu, kama kidonge cha sufi. Wote wakasema naam, wameiona.

Mimi nilishangaa kweli. Nikauliza, "Shangazi, mbona zote ziko hivyo?"

Hamisi akacheka na baba akaniambia ninyamaze nisikilize. Shangazi alinigeukia, halafu akaendelea. Alisema ile si nyota moja. Ni nyota malaki kwa malaki, zimekusanyika zikafanya tufe, nazo ziko mbali mno hata macho yetu yanazifanya kitu kimoja. Wenye elimu huliita fungunyota. Baba akasema Subhanallah, taratibu, kama mtu anayejisemea.

Bibi yetu alikuwa wa kwanza kutazama, na hapo tuligundua kwamba katika umri wake wote alikuwa hajui kufumba jicho moja. Akifumba la kushoto, na la kulia linafuata. Ikabidi Shangazi amzibe jicho kwa pindo la kanga. Alitazama muda mrefu, kisha akauliza kama huko kuna watu. Shangazi akasema hakuna ajuaye. Bibi akasema basi kama wapo tuwape salamu zao, tusije tukaitwa watu wasioamkia, akanifinya shavu. Hamisi akafuata. Alitazama bila kucheka, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, kisha akasema ni ufuta mtupu, umemwagwa kwenye turubai jeusi.

Zamu yangu ikafika. Niliweka jicho nikaona kidonge cha sufi. Kikubwa zaidi kuliko vile nilivyovizoea, basi. Nilikuwa tayari kusema nimeona, kama nilivyozoea kusema siku zote, niondoke zangu. Lakini Shangazi alikuwa amegeuka kumkalisha bibi mkekani, na mkono wangu, ambao ulipaswa kuwa nyuma, ulikuwa umegusa kigurudumu kidogo ubavuni mwa bomba. Nilikizungusha. Sijui kwa nini. Ule ukungu ukapungua. Nikazungusha tena, ukajikusanya, ukaanza kuchubuka pembeni, halafu ghafla ukapasuka ukawa punje.

Nimejaribu mara nyingi kuwaeleza watu nilichokiona, na kila mara naishia kwenye ufuta wa Hamisi, maana alisema kweli. Katikati zilikuwa zimelundikana hadi huwezi kuitenga moja na nyingine, ni weupe unaotetemeka. Kadiri unavyotoka pembeni zinaachana, hadi mwisho kabisa unaweza kuziokota moja moja. Na kila moja ilikuwa na ncha. Hilo ndilo lililonitoa machozi. Sikujua kwamba kitu kilicho mbali kinaweza kuwa na ncha. Nilikuwa nimeishi miaka kumi na mmoja katika dunia ya sufi, na kitu cha kwanza cha mbali nilichokiona sawasawa kilikuwa kile ambacho huenda ndicho cha mbali kuliko vyote. Nilizitazama hadi zikateleza zikatoka pembeni, kwa sababu mbingu haikungoji, inakwenda zake.

Shangazi akaisogeza darubini kidogo kuzifuata, akampa mama. Mama akasema yeye anaona moshi. Baba akainama. Akasema moshi. Akainuka na kuuliza nani ameshika kitu, na Hamisi akasema wa mwisho alikuwa Somoe.

Nilisema nimeziona. Nilisema ni kama ufuta. Hamisi akasema hayo ni maneno yake, nimeyanakili kama ninavyonakili ya Zainabu. Nilitaka ardhi inimeze. Baba hakunifokea, na ingekuwa heri angenifokea. Alisema tu, kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Somoe, hata hili?"

Nikaona Kipatimu mbele yangu, kesho asubuhi. Na kwa kuwa sikuwa na la kupoteza, nikasema jambo ambalo Hamisi hakulisema. Nilisema pembeni kabisa, mkono wa kushoto, kuna nyota tatu zimejitenga na wenzao, zimekaa kama mafiga.

Shangazi aliinama kwenye darubini, akazungusha kile kigurudumu polepole, akatulia. Alimwuliza Hamisi kama aliyaona mafiga. Hamisi akasema hakuyaona. "Yapo," Shangazi akasema. Kisha akanivuta karibu na kuniambia kwa upole nikiweke kigurudumu vile nilivyokiweka mwanzo. Nikakiweka, nyota zikarudi na ncha zake zote. Akatazama yeye, akaona moshi. Akarudisha kwa jicho lake, nikatazama mimi, nikaona sufi. Tulifanya hivyo mara tatu.

"Kaka," akamwambia baba, "darubini ni nzima. Mtoto huyu ndiye haoni mbali."

Baba akabisha. Alisema mbona nachambua mchele, mbona natunga uzi kwenye sindano kuliko mama yake. Shangazi akasema vya karibu anaviona, tena vizuri sana, ila mbali hana kitu. Ubao hauoni. Watu njiani hawaoni.

Baba akachukua kandili, akavuka ua mpaka upande wa pili, kwenye miganda ya mwisho, akaiinua kandili hadi karibu na shavu lake.

"Somoe. Uso wangu unauona?"

"Hapana, baba. Naona taa."

"Sasa kila siku nikitoka shamba unanijuaje?"

"Kwa mwendo, baba. Na kikohozi."

Aliiweka kandili chini, akaenda nyuma ya miganda, na alikaa huko muda mrefu. Mimi nilijua amekasirika kwa kuwa nilishika kigurudumu nilichokatazwa. Nilitaka kumfuata nikamwombe msamaha, mama akanishika mkono akasema niache.

Habari ya Kipatimu haikutajwa tena. Wiki iliyofuata baba alinipeleka Lindi hospitali, nikapimwa, na baada ya kungoja sana nikapata miwani mizito yenye fremu ya kahawia. Nilitoka nayo nje nikaona mkorosho una majani, jani moja moja, kila moja limejikalia mahali pake. Kijijini niliwaamkia wazee wote, hata wale waliokuwa mbali mno kunisikia, mpaka bibi akaniambia sasa imezidi. Darasa la nne nilifaulu. Zainabu akabaki na jogoo wake.

Lakini nilichotaka kuwaambia hasa ni jambo la baba. Tangu usiku ule, akirudi shamba, hakukohoa tena getini. Alikuja moja kwa moja hadi nilipo, akaweka jembe chini, akainama mpaka uso wake ukawa shubiri moja na wangu, akangoja. Nilisema shikamoo baba. Akasema marahaba, ndipo akaenda kunawa. Nilidhani ni kwa muda tu, mpaka miwani ije. Miwani ikaja, naye hakuacha. Nikawa msichana mkubwa, wenzangu wamekaa uani wanasukana nywele, na baba anakuja kuniinamia vile vile, hata nikaona haya. Niliwahi kumlalamikia mama kwamba baba haiamini miwani. Mama akasema nimwache.

Baba alishatangulia mbele ya haki. Hakuwahi kusema neno lolote kuhusu zile fimbo, na kwetu mtoto hategemei kuombwa radhi na baba yake, wala mimi sikutegemea. Halafu mwaka juzi nilimchapa mwanangu kwa kosa ambalo, jioni yake, nilikuja kujua kwamba hakulifanya. Nilimfuata alipokaa. Nilikuwa nimejiandaa cha kusema na hakikutoka. Nilijikuta nimechuchumaa, uso wangu shubiri moja na wake, nangoja anitazame, na hapo hapo nikamwona baba, na jembe lake, na vumbi kwenye nyusi. Miaka yote ile, kila jioni, alikuwa ananiomba radhi, na mimi nilikuwa namjibu shikamoo.