Mama Henriette na Barua Isiyosimama

Miaka kumi na moja Mama Henriette wa mtaa wa Kikula, mjini Likasi, Kongo, alifua maovaroli ya kiwanda, hata mgongo ukaanza kumdai haki yake. Basi iliposikika kwamba mwakani ghala la kiwanda litatafuta karani anayeandika Kiingereza, alisema nafasi ile ni yake. Hakuomba shauri la mtu.

Alisoma Kiingereza miezi minane kwa Mwalimu David, nyuma ya parokia. Vitenzi alivishika kwenye beseni: akiloweka ovaroli alitamka kitenzi kwa wakati wa leo, akisugua kwa wa jana, akikamua kwa uliokwisha kupita. Ovaroli moja, kitenzi kimoja. Kufikia Pasaka alikuwa na vitenzi mia mbili na vidole vilivyochubuka.

Imla nayo Mwalimu David aliisoma kwa Kiingereza, lakini alama alizitamka kwa Kifaransa, kama shule zote za Likasi tangu zamani. "Virgule!" Unaweka mkato. "Point!" Unaweka nukta. Asiposema, huweki kitu. Kuweka alama ambayo mwalimu hakuisema ni utovu wa adabu.

Siku ya mtihani walikaa watu kumi. Bosi mgeni akasoma barua ya kuagiza vipuri, mwanzo hadi mwisho, bila kutamka point hata moja. Kalamu zikamfuata. Karatasi kumi, maneno yameshikana mikono kama watoto wa komunyo.

Henriette alitua kalamu. Princesse, msichana wa diploma aliyekaa kando yake, akamnong'oneza:

"Mama, andika tu. Ukiuliza, atakufukuza."

"Anifukuze. Bwana huyu hayasema point hata moja."

"Pengine kwabo point haiko."

"Kila muntu iko na point, mwanangu. Hata muzungu anachoka."

Akasimama, akasema kwa Kiingereza, neno moja moja: "Bwana, hukusema tusimame wapi."

"Hapo mnaamua wenyewe," akajibu bosi.

"Barua ni yako. Mimi nitajuaje wewe unasimama wapi?"

Princesse alijifunika uso kwa karatasi. Bosi akauliza jina la mama huyu, akaliandika. Henriette alijua maana yake: pale kiwandani jina lako huandikwa ukikosa. Akaketi, akaanza kuliaga ghala ambalo hakuwahi kuliingia.

Bosi akasoma upya, safari hii akitaja kila mkato na kila nukta. Vichwa kumi vikainama pamoja.

Alasiri matokeo yakabandikwa. Princesse makosa mawili, Henriette kumi na moja. Lakini aliyeitwa ofisini ni Henriette.

"Karani aliyetangulia hakuwahi kuuliza kitu," alisema bosi. "Nilitaka pampu nne, yeye akaandika arobaini. Ziko pale nje."

Henriette alichungulia dirishani. Zilikuwepo.

"Unaanza Jumatatu."

Henriette aliuliza saa ngapi, na apitie mlango upi.