Kadi za Mama Protase

Mimi na Mama Protase tunatenganishwa na ukuta usiofika kwenye paa. Yeye anafundisha Hisabati Darasa la Sita, mimi Kiswahili Darasa la Tano, hapa shuleni Nyabiyonza, na tangu tuwe majirani sijawahi kumaliza kipindi bila kulisikia darasa lake. Jina lake ni mwalimu Costansia, ila anayemwita hivyo ni mkaguzi tu. Akishaeleza jambo huuliza, "Tumeelewana?" Watoto hujibu kwa pamoja, "Ndiyo, mwalimuuu!" mpaka mabati yanatikisika. Amebakiza mwaka mmoja astaafu, na aliwahi kuniambia kwamba hiyo "ndiyo" ndiyo atakayoikumbuka kuliko chochote.

Likizo iliyopita alikwenda semina Kayanga, akarudi na programu ya bure ya mtandaoni kwenye simu yake. Nilicheka. Shule ambayo wenye simu ni walimu tu, na bando lenyewe la kuungaunga, mtandao utamfaa nani? Kumbe watoto hawahitaji simu. Kila mmoja anapewa kadi yenye mchoro wa miraba myeusi, na pande zake nne zina herufi ndogo A, B, C na D. Mwalimu akiuliza, mtoto anainua kadi yake, herufi ya jibu lake ikiwa juu. Mwalimu anapitisha simu mbele ya darasa kama anayepiga picha, na majina yanatokea kwenye kioo: aliyepata kijani, aliyekosa nyekundu.

Kadi alichapiwa na Zubeiri, mwenye duka la vifaa vya shule pale mjini.

"Shikamoo mwalimu. Hizi ni za bahati nasibu?"

"Marahaba. Ni za kuwakamata wanaosinzia."

Siku ya kwanza sikuwa na kipindi, nikasimama mlangoni kwake. Swali lilikuwa jepesi: ipi kubwa, theluthi au robo? A theluthi, B robo, C zinalingana, D sijui. Darasa lilichangamka kama siku ya mechi. Wajanja wakamwangalia Nasreen, ambaye hakosi kitu, wakageuza kadi zao mpaka michoro ikakaribia kufanana na wake. Masikini! Kila kadi ina mchoro wake, hivyo walichoiga ni picha, siyo jibu. Mama Protase akapitisha simu huku anatabasamu. Kisha tabasamu likaisha.

Kioo kilikuwa chekundu. Wengi walichagua robo, kwa kuwa nne ni kubwa kuliko tatu. Nasreen alipata, na wengine wachache. D alikuwa nayo mmoja tu, Nikuze, mtoto wa familia ya Kirundi inayolima kule bondeni. Nilimfundisha mwaka mzima sikuwahi kuisikia sauti yake, maana wenzake humcheka anavyotamka.

Ofisini, chai ya Mama Protase ilipoa bila kuguswa. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Hanifu, hiyo 'ndiyo' wanayoniitikia kila siku, ni 'ndiyo' ya nini?"

Nilimwonea huruma, nikampa ushauri wa kijinga. "Zifungie kabatini, Mama Protase. Mbona mlikuwa na furaha bila hizo kadi?"

"Mficha maradhi," akasema, akaniachia nimalizie mwenyewe.

Kesho yake alikuja na vipande viwili vya muwa, urefu mmoja. Kimoja akakigawa sehemu tatu sawa, kingine sehemu nne, akauliza nani anataka theluthi na nani anataka robo. "Mwalimu, mimi theluthi!" Vurugu ilisikika hadi barabarani. Kadi zilipoinuliwa tena, kioo kikawa kijani, na Nikuze akapewa kipande cha kwanza kwa sababu jana alisema ukweli. Nilifurahi mno, ingawa kipindi changu kilikufa kwa harufu ya muwa.

Wiki zikapita hivyo, kadi zikichakaa pembe kwa kushikwa. Juzi alikuwa anafundisha asilimia. Simu ilikuwa haina chaji, kadi zimekaa mezani. Akamaliza, akauliza kwa mazoea yake, "Tumeelewana?"

Nikasubiri mabati yatikisike. Hayakutikisika. Sauti nyembamba ikasema, "Hapana, mwalimu. Mimi bado."

Ilikuwa ya Nikuze, na hakuna aliyecheka. "Na mimi bado," akadakia mwingine. "Na mimi."

"Asante, Nikuze," Mama Protase akasema, na nilijua kwa sauti yake kwamba analia na anacheka. "Asanteni sana, wanangu. Tuanze upya."

Nikageukia darasa langu. Ubaoni kulikuwa na ngeli nilizozieleza tangu asubuhi.

"Tumeelewana?" nikauliza.

"Ndiyo, mwalimuuu!"

Niliwatazama mmoja mmoja, nikaweka chaki chini, nikaenda kugonga mlango wa jirani kuazima kadi.