Anjera za Mkono wa Ayeyo

Juzi nilirudi mtaani kwetu Bulla Pesa, mama akaniwekea anjera, zile chapati za unga uliochachuka. Laini, zenye matundu mazuri. Nikala nne na hamu yangu ikabaki palepale. Wewe uliyekulia mtaa huu utanielewa: zilikuwa zimekorogwa kwa mwiko.

Ayeyo, nyanya yangu, alikoroga kwa mkono. Jioni aliuzamisha kwenye ndoo ya unga mpaka karibu na kiwiko, akazungusha polepole, na alfajiri tuliamshwa na harufu ile ya uchachu. Alisema unga humjua mwenyewe kwa mkono. Mimi nilichochea moto. Yeye alizitoa kwenye chuma cha kuokea, akazikunja kwa vidole na kuwapa wateja: walimu, watu wa mnada wa ng'ombe, madereva.

Mwaka ule homa ya matumbo iliingia mtaani, mwalimu wangu akalazwa. Afisa wa afya akaja na daftari, akatoa salaam aleikum ingawa hakuwa Mwislamu, akauliza kama nyumbani kwetu kuna aliyewahi kuugua. Ayeyo akasema hakuna. Nami, ambaye sijawahi kuacha jambo lipite, nikasema, "Mimi niliugua. Mara mbili."

Hakunikaripia. Alifuta unga mikononi tu.

Kila anayeuza chakula alitakiwa apimwe choo ndipo apewe cheti. Jirani yetu wa sambusa alimtania kwamba serikali ilishachukua kura yake, sasa inataka na hiyo. Ayeyo akacheka, akaenda na kichupa chake kikiwa kimefungwa ndani ya leso.

Majibu yalisema amebeba vijidudu vya homa ya matumbo, yeye ambaye hakuwahi kulala siku moja kwa homa. Akameza vidonge wiki nyingi, akapimwa tena. Vilevile. Afisa akaja mwenyewe kumweleza kwamba hataruhusiwa kuuza chakula tena.

"Kijana wangu, nimemuua nani?"

"Hujamuua mtu, mama. Ndiyo maana nimekuja sasa."

Nimelitafuta kosa katika jibu hilo mpaka chuo kikuu. Chuma cha moto hakiui vijidudu? Huua, lakini alizikunja baadaye. Kwani hakunawa? Alinawa kuliko sisi sote, kwa maji ya mfereji yaliyotoka mara mbili kwa wiki, na waliopima choo chake hawakuwahi kupima mfereji ule. Hapo nadhani nimeshinda. Kisha nakumbuka kwamba sikuugua tena.

Sheria ilimkataza kuuza. Kutupikia sisi, alijikataza mwenyewe. Alikaa mlangoni pa jiko, mikono chini ya leso, akimwelekeza mama: maji kidogo, ngoja, basi. Niliwahi kumsihi atie mkono mara moja tu.

"Uliugua mara mbili," akasema. "Ya tatu haitatoka kwangu."

Tulimzika miaka mingi baadaye, mikono yake ikiwa laini kama ya mtu asiyejua jiko. Ladha ile ilikuwa imetangulia zamani.

Jana jioni mama aliniachia ndoo nikoroge. Nilinawa kwa sabuni mpaka kiwiko, nikasimama juu ya unga. Nimeuliza kila kitu maishani, ila mimi niliyeugua mara mbili sijawahi kwenda kupimwa.

Nikachukua mwiko.